Eti "ungepiga honi"! Yule bwana wa gari la kijani ameniharibia wikiendi nzima

Nati_Tano:

Wakuu, sijaoga, grisi imefika mpaka kwenye viwiko, naandika nikiwa nimekalia tairi. Nikisubiri mpaka kesho nitakuwa nimepoa, na sitaki kupoa.

Eti "ungepiga honi."

Simtaji. Aliyewahi kukanyaga padoki, pale tunapoegesha na kutengeneza magari ya mbio, hata siku moja anamjua. Yule wa gari la kijani. Yule ambaye vioo vyake kazi yake ni kuchania nywele. Yule anayepeperushiwa bendera ya bluu, ile ya kukwambia mwenye kasi yuko nyuma yako, akadhani ana mashabiki.

Nianzie Jumamosi mjue nimetoka wapi. Mazoezi ya asubuhi, mzunguko wa nne, nafika kona ya kwanza nakanyaga breki, pedali inazama mpaka sakafuni kama nimekanyaga sponji. Nikapampu mara tatu, nikashusha gia mbili, nikaishia kwenye kokoto. Mafuta ya breki yamechemka. Hilo kosa ni langu, nalikubali: DOT 4 ikiwa mpya inavumilia mpaka nyuzi 230, ila ikishanyonya unyevu inaweza kuchemka kwenye 155, na diski zangu zilikuwa zinafuka moshi. Tukamwaga yote, tukaweka mapya, tukatoa upepo kwenye mfumo wa breki, magurudumu yote manne. Maisha yakaendelea.

Mchana, mbio za kupanga nafasi. Bado napasha tairi, mpira wa chini wa rejeta ukachomoka. Geji ya joto wala haikunipa taarifa, maana maji yakishaisha inabaki inapima hewa. Mpaka nanusa harufu, gari limeshachemsha. Sikuweka muda hata mmoja. Magari 22, mimi wa 22. Tukafungua mfuniko wa oili, ndani kweupe kama maziwa, maji yameingia kwenye oili. Gasketi ya hedi imekwenda.

Usiku kucha, wakuu. Tukashusha hedi, tukailazia rula kuangalia kama imepinda, Mungu si Athumani, haikupinda. Gasketi nikapewa na jirani wa padoki. Spana ya toki, ile inayopima bolti imekazwa kiasi gani, nikaazima kwa mshindani wangu mwenyewe, dada wa gari jeupe, hakuuliza mara mbili. Bolti kumi, unaanzia katikati unakwenda nje, awamu tatu, tochi iko mdomoni. Oili tukamwaga mara mbili. Saa kumi alfajiri injini ikashika, nikalia kama mtoto.

Halafu mtu anakuja kuniambia habari za honi.

Jumapili, mizunguko 15. Nimeendesha vile ambavyo sijawahi kuendesha tangu nijue usukani. Mzunguko wa tano niko wa tisa. Wa kumi na moja niko nyuma ya gari jeupe, tunagombea nafasi ya tatu. Pale ndipo raha ilipokuwa. Lake lina nguvu kwenye barabara iliyonyooka, langu linashika kona. Ananipita kwa ndani kona ya pili, namrudishia kwa nje kona ya tano, bampa kwa bampa, na hakuna aliyemgusa mwenzake hata rangi. Mzunguko wa mwisho niko mbele. Mbele! Mtu niliyeanza wa mwisho, na gasketi ya kuomba!

Ndipo nikamwona. Kijani. Anatembea kama anatafuta pa kuegesha. Tumeshamzidi mzunguko mzima. Bendera ya bluu kabla ya kona ya saba, bendera ya bluu kabla ya nane, mshika bendera anaipunga kwa mikono miwili nusura apae. Bwana yuko katikati. Nikienda kushoto, yupo. Nikienda kulia, kaja. Kona ya mwisho akakanyaga breki mahali ambapo hata basi la shule halikanyagi breki, nikainua mguu nisimpande mgongoni, dada akapita na mwendo wake wote.

Sekunde 0.09. Kwa kilomita 150 kwa saa hiyo haifiki mita nne. Haitimii hata urefu wa gari langu.

Na hilo ningelimeza, naapa. Mbio ni mbio. Lakini nimepaki, kofia bado iko kichwani, mikono inatetemeka, mtu ananigonga begani. Anatabasamu. Katulia kama katoka kulala. Ananiambia: "Ungepiga honi tu, ningekupisha."

Honi! Nimetoa viti vya nyuma, nimetoa zulia, nimetoa redio, nimekwangua mpaka lami ya kuzuia kelele chini ya sakafu ili nipunguze kilo, ningebakiza honi? Na lake halina! Nimewahi kuliona boneti likiwa wazi, pale honi inapokaa pana tundu! Injini mbili zisizo na sailensa zinakuungurumia mgongoni, bendera mbili za bluu, mtu mzima anarukaruka pembeni ya barabara, wewe unasubiri honi?

Kanigonga begani kabisa. Mara mbili. "Ungepiga honi tu." Hilo neno "tu" ndilo linaloniua.

Sitaki rufaa, sitaki pole. Nataka mtu mmoja anieleze honi inakaa wapi kwenye gari la mbio.

Nawasilisha.

KonaKali:
Hahahahaaa "ungepiga honi"! Mimi msimu uliopita kanifungia njia mizunguko mitatu, nikamfuata, akaniambia hakuniona. Gari langu ni la njano. Taa zilikuwa zinawaka.

Plagi_Nne:
Kweli kabisa. Nilikuwa ukutani nawasha kamera, nikamwona anapita ameegemeza kiwiko dirishani. Kwenye mzunguko wa mwisho. KIWIKO.

MzeeKabureta:
Kijana, pole kwa gasketi. Ila honi haikuchomoa mpira wa rejeta. Ungeweka muda Jumamosi ungeanza mbele, na ungekuwa umeshamaliza kabla hujamkuta huyo mtu wako. Mbio hushindwa gereji, halafu watu wanakuja kulia barabarani.

Nati_Tano:
Mzee wangu, shikamoo. Mpira ni mpya wa msimu huu, klipu ndiyo iliyokatika. Na bado haikuwa sababu ya kunigonga begani.

MzeeKabureta:
Marahaba. Klipu mpya ni kitu cha kwanza kukagua kikishapata moto mara moja. Kinapanuka, kinalegea. Unakaza tena. Hilo wamelisahau wote siku hizi.

Kanuni_Kwanza:
Mleta uzi asome kanuni kabla ya kulalamika. Bendera ya bluu si sawa kila mahali. Kuna mashindano unaadhibiwa usipopisha, na kuna mbio nyingi za ridhaa ambako ni taarifa tu kwamba mwenye kasi anakuja, kazi ya kupita ni yake. Anachokatazwa aliye mbele ni kuyumbayumba kufunga njia. Je, aliyumba?

Nati_Tano:
ALIYUMBA. Kushoto yupo, kulia yupo, nimeandika hapo juu. Na hata kama ni taarifa tu, taarifa aliipata mara mbili. Akasema honi.

Takwimu_Mbio:
Sekunde 0.09 ndiyo uzi mzima? Monza 1971, mbio za Formula 1 kule Italia, Peter Gethin alimshinda Ronnie Peterson kwa sekunde 0.01, na magari matano ya kwanza yalipita mstari ndani ya sekunde 0.61. Hakuna aliyekwenda kukalia tairi.

KonaKali:
Hao hawakuzuiwa na mtu aliyetoa kiwiko dirishani, mkuu.

Takwimu_Mbio:
Basi Le Mans 2016, mbio za saa 24. Toyota namba 5 inaongoza, saa 23 na dakika zaidi ya 50 zimekwisha, gari linapoteza nguvu, Porsche inachukua ushindi. Yale ndiyo maumivu. Huyu ana nafasi ya nne kutoka ya 22, angeshukuru.

Gia_Tatu:
Samahani niingilie. Nani ana jeki yangu? Ile ya chini, ya aluminiamu, mpini umezungushiwa tepu nyekundu. Ijumaa jioni aliiazima huyo huyo mnayemsema, akasema dakika tano.

Plagi_Nne:
Gia_Tatu na wewe umeingia? Mimi alichukua geji ya upepo wa tairi. Nilipomdai akaniambia "nilidhani ni ya klabu." Imeandikwa jina langu kwa rangi nyeupe.

DadaFaneli:
Kwangu alichukua dumu la mafuta limejaa, likarudi tupu. Akasema lilikuwa linavuja. Nimelijaza maji tangu saa tisa, hata tone halijatoka.

Gia_Tatu:
Mimi jeki tu. Wikiendi nzima nimeinua gari kwa ile jeki ndogo ya buti, nikipiga goti kwenye lami kila nikibadilisha tairi. Goti limevimba.

Stadi_Ndefu:
Mnalalamikia jeki, kuna mwenye jenereta linalowashwa saa kumi na moja alfajiri kuchaji betri moja. Limeelekezwa kwenye hema langu. Sikumtaja lakini anasoma hapa.

Plagi_Nne:
Nasoma. Betri ilikuwa imekufa, ningewasha gari kwa maombi? Na hema ulilipiga ukalikuta jenereta.

Stadi_Ndefu:
Nililikuta limezimwa!

Kanuni_Kwanza:
Turudi kwenye mada. Kuna video?

Plagi_Nne:
Kamera yangu ilizimika mzunguko wa 13. Betri.

Stadi_Ndefu:
Pamoja na jenereta lote lile.

Jeupe_07:
Habari zenu. Mimi ndiye wa gari jeupe.

Kaka Nati, kwanza hongera. Kutoka wa 22 mpaka pale, na gasketi ya usiku, sijapata mbio nzuri kama zile na sitazisahau. Pili, wewe ulikuwa hujui lakini gia ya tatu ilikuwa inaruka tangu mzunguko wa sita. Nilikuwa naishikilia kwa mkono wa kushoto kona zote, usukani kwa mkono mmoja. Kiganja kimechubuka.

Kuhusu kona ya mwisho, nitasema ukweli. Alikuzuia, sikatai, na breki ile hata mimi ilinishtua. Ila ulikuwa unamtazama yeye. Mizunguko minne nilikuona ukiikaribia kona ile unasogea nje mapema, ukiacha ndani wazi. Nilikuwa nakusubiri pale, kijani awepo asiwepo.

Halafu spana yangu ya toki iko kwako. Kesho nashusha giaboksi.

Nati_Tano:
Dada, spana ipo, nimeifunga kwenye kitambaa safi na nimeirudisha kipimo cha chini kabisa kama ulivyoniagiza. Nakuletea kesho asubuhi. Hilo la kona nitalifikiria nikishalala. Lakini ulimsikia? Ulikuwa umesimama hapo hapo. Ulisikia alichosema?

Jeupe_07:
Nilisikia. Na alipotoka kwako alikuja kwangu. Akaniambia nimshukuru, kwamba alinipisha mimi kwa sababu mimi nilimwashia taa.

Taa zangu nilizitoa mwaka juzi. Pale mbele ni matundu ya hewa ya breki.

KonaKali:
Nimeanguka chini. Nimeanguka kabisa.

Nati_Tano:
KWA HIYO HONI SINA, TAA HANA, ANAONA NINI HUYU MTU?

DadaFaneli:
Haoni kitu isipokuwa vya wenzake.

MzeeKabureta:
Binti wa gari jeupe, usishushe giaboksi bado. Gia inaruka ukikanyaga mafuta au ukiachia?

Jeupe_07:
Shikamoo mzee. Nikiachia mafuta, hasa naingia kona ya kulia.

MzeeKabureta:
Marahaba. Angalia mauntini za injini kwanza, zile raba zinazoishikilia. Zikichoka injini inacheza, inavuta fimbo ya gia, gia inatoka yenyewe. Muweke mtu kwenye usukani, wewe simama pembeni boneti likiwa wazi, akanyage na kuachia, utaiona injini inavyoruka. Usiku mzima wa kufungua giaboksi kwa sababu ya raba moja iliyopasuka, nimeshaufanya ujana wangu, sikushauri.

Jeupe_07:
Asante sana mzee. Sasa hivi nakwenda na tochi.

Stadi_Ndefu:
Mauntini ya kushoto ndiyo huwa ya kwanza kufa kwenye hizo gari. Mimi ninayo moja ya akiba, ukikuta imepasuka njoo hemani. Ukipita fuata kelele za jenereta.

Nati_Tano:
Dada, nakuja na spana sasa hivi, nikushikie tochi.

Gia_Tatu:
Ukipita karibu na gari la kijani nichungulilie. Tepu nyekundu kwenye mpini.