Nipigie chama gani kura Ireland? Ndo mara yangu ya kwanza

MamaWawili_Drogheda

Wakuu habari za usiku, mlioko huku Ireland naombeni mawazo yenu. Mwaka jana nilipata uraia, nikalipa zile euro 950 za cheti nikaapa, na wiki hii kadi ya kupigia kura imekuja kwa posta ina jina langu kabisa. Uchaguzi ni Ijumaa tarehe 29 Novemba 2024 na mimi mpaka leo sijui nimpe nani.

Hali yangu iko hivi. Nafanya kazi nyumba ya kulelea wazee, mara nyingi zamu ya usiku. Nina watoto wawili, mmoja ana miaka 3 mwingine 6. Tumepanga, na mwenye nyumba ameshaanza kusema anataka kuuza, barua rasmi hajatoa ila silali vizuri maana nikiangalia nyumba za kupanga hapa mjini hamna, na zilizopo kodi yake ni mshahara mzima. Kwa hiyo kwangu mimi jambo la kwanza ni nyumba, la pili ni gharama za kulea mtoto, la tatu ni hospitali, mwezi wa tisa nilikaa na mwanangu mapokezi ya dharura tangu jioni mpaka asubuhi hatujaonana na daktari.

Sasa nikisoma ilani zao naona wote wanaahidi nyumba, wote wanaahidi kupunguza gharama za watoto. Fianna Fáil na Fine Gael siwezi kuwatofautisha kabisa, Sinn Féin kazini kwangu wengine wanawapenda wengine hawataki hata kuwasikia, halafu kuna Labour, Social Democrats, Greens, Aontú, People Before Profit na wale wasio na chama. Nyie mliopiga kabla mliamuaje? Tafadhali sitaki matusi ya vyama, nataka mtu anielezee kama anamwelezea dada yake.

Mzee_wa_Limerick

Binti yangu hongera sana kwa uraia. Mimi niko hapa tangu 2001, nimepiga kura kadhaa za bunge, ngoja nikueleze kitu kimoja kabla hujahangaika na vyama. Hapa huchagui chama kimoja ukatupa vingine. Ile karatasi ina majina yote na picha zao na wewe unaandika namba, 1 kwa unayempenda zaidi, 2 anayefuata, 3, mpaka utakapochoka. Jimbo lako Louth lina viti vitano. Tuseme kura halali ni 60,000, wanagawa kwa sita wanaongeza moja, kwa hiyo ukifikisha 10,001 umepita. Kama wa kwanza wako ni wa mwisho kwenye hesabu anatolewa na kura yako inahamia kwa namba 2 wako. Ndio maana kuhesabu huchukua siku kadhaa, na ndio maana kura kwa chama kidogo haipotei kama kwenye nchi nyingine. Serikali zilijaribu mara mbili kuufuta huu mfumo, 1959 na 1968, na wananchi wakakataa mara zote mbili.

Kuhusu Fianna Fáil na Fine Gael, usijilaumu kwa kutowatofautisha, wenyeji wenyewe wanalalamika hivyohivyo. Chanzo chao ni vita ya wenyewe kwa wenyewe ya 1922 mpaka 1923, waliokubali mkataba na Uingereza na waliokataa. Fianna Fáil ilianzishwa 1926 na de Valera, kiongozi wa waliokataa, Fine Gael ikatokana na waliokubali 1933, na kwa karibu miaka mia moja ama huyu anatawala ama yule. 2020 ndo wakaingia serikali moja pamoja na Greens, wakapokezana uwaziri mkuu, Micheál Martin kwanza, akaja Leo Varadkar, na Aprili 2024 akaingia Simon Harris. Kwenye uchumi wanakaribiana sana.

Lakini mwanangu mimi nina kumbukumbu zangu na nitazisema. Juni 2004 kulikuwa na kura ya maoni kubadili katiba ili mtoto akizaliwa hapa asipate uraia moja kwa moja kama wazazi ni wageni. Serikali ya wakati ule, Fianna Fáil na Progressive Democrats, ndo waliileta, Fine Gael wakaunga mkono, Labour na Greens na Sinn Féin wakapinga. Ilipita kwa asilimia 79. Mwanangu alizaliwa 2003 akapata uraia, mtoto wa rafiki yangu alizaliwa 2005 wazazi wakiwa bado wanasubiri hifadhi akakosa, na hao watoto wawili wamesoma darasa moja. Sisemi uwachukie watu kwa jambo la miaka 20 iliyopita. Nasema angalia chama kilifanya nini siku ambayo kututetea kulikuwa kunapoteza kura.

Fundi_Tallaght

Mzee kasema kweli tupu. Mimi naongezea la nyumba maana ndo kazi yangu, ni fundi umeme, nazijenga kila siku na mimi mwenyewe sina.

Dada umesema mwenye nyumba anataka kuuza. Kumbuka majira ya baridi ya 2022 serikali iliweka zuio la kuwatoa wapangaji, wakaliondoa mwisho wa Machi 2023. Sinn Féin, Labour, Social Democrats na People Before Profit walipinga kuondolewa, serikali ikasema zuio likiendelea wenye nyumba watakimbia soko. Ukitaka kujua chama kinamsikiliza nani, angalia ile kura. Tume ya nyumba ambayo serikali yenyewe iliiunda ilitoa ripoti mwaka huu ikasema kwa hesabu za 2022 nchi ilikuwa na upungufu wa nyumba kati ya 212,500 na 256,000, halafu mwaka jana zimejengwa kama elfu 33 hivi, piga hesabu mwenyewe tutafika lini, na wakati huo watu wanazidi kuongezeka na vijana waliozaliwa hapahapa wanaondoka kwenda Australia.

Mimi namba 1 nawapa Sinn Féin, 2 Social Democrats, 3 Labour. Najua wengine historia yao na IRA, lile kundi la silaha lililopigana na Uingereza, inawazuia na siwezi kumlazimisha mtu aliyepoteza ndugu. Ila kwa upande huu wa kusini hawajawahi kupewa serikali katika kizazi chetu, na kule Ireland Kaskazini Michelle O'Neill wa Sinn Féin ndiye anaongoza tangu Februari 2024 na mbingu hazijaanguka. 2020 walipata kura za kwanza nyingi kuliko chama chochote lakini walisimamisha wagombea 42 tu, wakapata viti 37, wangesimamisha wengi zaidi leo tungekuwa tunaongea mengine.

Ila ukweli usemwe, Sinn Féin nao mwaka huu wamekaza lugha kwenye mambo ya uhamiaji kwa sababu kura za Juni za halmashauri ziliwaangusha. Hilo limeniuma na nilimwambia mgombea wao alipokuja mlangoni. Bado nawapa, kwa ajili ya nyumba.

Nuru_Galway

Samahani Fundi naona umeruka vitu. Mimi ni nesi na nina watoto, nitasema nilichokiona mfukoni mwangu.

Serikali hii hii mnayoitukana: watoto chini ya miaka 8 wanaonana na daktari wa mtaani bure tangu mwaka jana, ile euro 80 ya kulazwa hospitali kwa usiku mmoja imefutwa tangu Aprili 2023, nauli za basi na treni walizishusha 2022, na ruzuku ya malezi ya watoto tangu Septemba ni euro 2.14 kwa saa kwa mzazi yeyote kwenye kituo kilichosajiliwa, mpaka saa 45 kwa wiki, hiyo ni zaidi ya euro 96 kwa wiki kwa mtoto mmoja. Dada kama hujaiomba kwa yule wa miaka 3 iombe kesho asubuhi usisubiri uchaguzi! Hili la malezi lilikuwa chini ya waziri Roderic O'Gorman wa Greens na naumia jinsi Greens wanavyosemwa kana kwamba kazi yao ilikuwa kuongeza kodi ya mafuta tu.

Kitu cha pili ni pesa yenyewe inatoka wapi. Ireland ina ziada kwenye bajeti kwa sababu ya makampuni makubwa ya Marekani yanayolipa kodi hapa, juu yake mahakama ya Ulaya Septemba ikasema Apple wailipe Ireland euro bilioni 13. Sasa Trump kashinda uchaguzi wa Marekani tarehe 5 Novemba na amekuwa akisema anataka viwanda na kodi virudi kwao. Mimi naogopa. Watu wenye kumbukumbu ya 2010 nchi ilipookolewa na IMF na Ulaya wanajua mishahara ya manesi ilikatwa vipi. Kwa hiyo nataka watu wenye uzoefu, nampa Fine Gael 1 na Greens 2.

Mzee_wa_Limerick

Nuru mwanangu nakuheshimu, lakini waliokuwa madarakani nchi ikifika huko 2010 ni Fianna Fáil, huo nao ni uzoefu. 2011 wananchi waliwashusha mpaka viti 20. Na Greens waliokuwa nao serikalini walitoka na sifuri, kutoka sita. Labour wakaingia na Fine Gael wakiwa na viti 37, miaka mitano baadaye wakabaki na 7. Hapa chama kidogo kikiingia na wakubwa ndicho kinachopigwa.

Nuru_Galway

Ni kweli mzee, ndio maana Greens nawapa 2 na sio chini zaidi, bila namba zetu watafutika na ruzuku ya watoto itakosa mtetezi.

Mwanahawa_Cork

Jamani mnamchanganya dada wa watu. Mama Wawili, swali lako mimi ningeligeuza kidogo, badala ya chama gani jiulize nataka nani akae na nani. Bunge jipya lina viti 174, serikali inahitaji 88, na hakuna chama kitakachofika peke yake. Martin na Harris wote wameshasema hawaingii na Sinn Féin. Kwa hiyo njia ziko mbili, ama Fianna Fáil na Fine Gael waendelee wakitafuta wa kujazia, ama Sinn Féin wakusanye Labour, Social Democrats na wengine na hiyo ya pili hesabu yake ni ngumu, sikufichi. Ukishajua unaitaka ipi, namba 1 mpaka 4 zinajipanga zenyewe. Na yule ambaye hutaki kabisa apite, aliyesimama kwa kuwachukia wageni, usimwandikie namba yoyote. Baada ya zile vurugu za Dublin 23 Novemba mwaka jana mimi hilo nalichukulia kwa uzito, nilikuwa na binti yangu mjini siku ile.

Halafu usipuuze mtu mwenyewe. Mbunge hapa unamfikia, ana ofisi jimboni, unaingia na karatasi zako anakuandikia barua. Wakati visa ya mama yangu imekwama aliyenisaidia alikuwa wa chama ambacho sikukipigia. Wakija mlangoni usiwafungie, waulize mawili tu: mwenye nyumba akinipa barua ya kutoka wewe utanifanyia nini, na kura yangu ikimaliza kwako unataka iende kwa nani. Hilo la pili linawatoa jasho na hapo ndo utawajua.

MamaWawili_Drogheda

Yaani nimesoma yote mara mbili, Mungu awabariki. Ruzuku nilikuwa naipata ile ndogo ya zamani, kumbe kiwango kimepanda, kesho naenda kumuuliza msimamizi wa kituo.

Jana alikuja mgombea mmoja wa Social Democrats mlangoni, nikamuuliza maswali ya Mwanahawa. La barua alinijibu vizuri, alijua mpaka siku za notisi kulingana na muda niliokaa, na la pili akasema Labour na Greens bila kusita. Baada yake akapita wa Fine Gael, mpole sana, ila la nyumba aliniambia habari ya msaada wa kununua nyumba mpya, mpaka euro 30,000. Nikamwambia kaka mimi sina hata akiba ya mwezi mmoja. Akanyamaza, akaniandikia namba yake nimpigie nikipata barua, na hilo nimeliheshimu.

Kwa sasa naona 1 Social Democrats, 2 Labour, 3 Sinn Féin kwa ajili ya hesabu ya Mwanahawa, 4 Greens kwa ajili ya watoto. Nuru usinichukie. Swali langu la mwisho, nikiandika namba vibaya kwa woga inakuwaje? Ijumaa natoka zamu nimechoka na nataka nikapige saa moja asubuhi wakifungua tu.

Nuru_Galway

Nikuchukie kwa lipi dada, Greens umewakumbuka 😊 Ukikosea usifute wala usikwaruze juu yake, rudisha karatasi kwa msimamizi kabla hujaitia kwenye sanduku atakupa nyingine. Andika namba, usiweke tiki. Beba na kitambulisho maana wanaweza kukuuliza. Na kama umechoka sana nenda ukalale kwanza, wanafunga saa nne usiku.

MamaWawili_Drogheda

Hapana nitapita asubuhi, nataka wanangu waniangalie nikiingia, wa miaka 6 ameshaniuliza kama namba 1 ataiandika yeye.