Feringi (kava ya plastiki ya ubavuni mwa pikipiki) ya kushoto imepasuka, nitengeneze au ninunue nyengine?

MwanaMalindi
Salaam wakuu. Juzi magharibi natoka Casuarina narudi mjini, pale upepo unapomwaga mchanga barabarani tairi la mbele likaniteleza nikalala ubavu wa kushoto. Spidi ilikuwa ndogo, mimi mzima alhamdulillahi, goti tu limechubuka. Lakini Ninja 250 yangu imeniuma roho. Feringi ya kushoto imepasuka kuanzia tundu la bolti kushuka chini kama shubiri moja, sikio moja la kupitishia bolti limekatika kabisa (nililiokota, ninalo), na kando ya ufa plastiki imefanya weupe kama kitu kilichokunjwa. Indiketa inaning'inia na waya. Fundi wa kwanza alipaka supa gluu na kunyunyizia magadi, ikashika kama jiwe, asubuhi nawasha injini napiga kona mbili tatu ufa umefunguka tena na umezidi urefu. Muuza spea naye ataka ninunue seti nzima pande zote mbili, hauzi moja. Nifanyeje jamani, hii pikipiki nimeiwekea akiba miaka miwili.

FundiMaweni
Pole sana kaka, na shukuru ni goti tu. Kabla ya plastiki, ushaangalia chuma? Simama mbele ya pikipiki, bana tairi la mbele kwa magoti utizame kama usukani umenyooka nalo. Angalia shokabu za mbele kama zinatoa mafuta, radieta, na kava ya injini ya upande ulioangukia. Feringi utaishona ikapendeza na kumbe shokabu imepinda, hiyo hatari yake ni kubwa kuliko ufa.

Sasa plastiki. Igeuze nyuma uoshe vumbi lote, utaona herufi za aina ya plastiki zimechongwa ndani, ABS au PP. Ukikosa, kwangua kipande kidogo kama ukucha ukitie kwenye glasi ya maji matamu: PP inaelea, ABS inazama. Usiruke hapo, maana dawa ya moja si dawa ya nyengine. ABS inayeyuka kwa asetoni, PP haiyeyuki na gundi nyingi hazishiki juu yake, hiyo dawa yake ni kuchomelea kwa moto na kijiti cha plastiki ya aina ile ile.

Ikiwa ni ABS kazi ni nyepesi lakini yataka subira. Toboa tundu dogo la milimita 3 pale ufa unapoishia, pale pale kwenye ncha, hapo ufa unasimama. Ndio maana ule wako ulizidi, hakuna aliyeuzuia. Kisha chukua vipande vya ABS ile ile, vikatekate vidogo, tia kwenye chupa ya gilasi na asetoni kidogo, funga ulaze usiku kucha mpaka iwe kama uji mzito. Fanyia nje penye upepo na moto usiwe karibu, asetoni inawaka haraka mno. Kwa ndani chora mfereji juu ya ufa, lalisha wavu mwembamba wa stenlesi, uuzamishe kwa ile pini ya moto ya mafundi redio, halafu paka uji wako juu. Tabaka moja, subiri siku nzima, tena jengine, kwa sababu asetoni ikikauka ule uji unanywea. Supa gluu na magadi inakuwa ngumu lakini haipindi, na injini inatetemeka muda wote, lazima ikatike.

MvuviWaWatamu
Mimi nafanya kazi ya faiba za boti na nataka kukutoa tamaa mapema, watu watakwambia nenda kwa mafundi boti wakubandikie faiba. Feringi yangu nilibandika kwa rezini (ile gundi ya kugandishia faiba) ya kawaida ya boti, ilikaa miezi kadhaa ikabanduka nzima nzima kama ganda la embe, kwa sababu ya mtetemeko. Ukitaka faiba tumia rezini ya epoksi na ukwaruze nyuma kwa msasa mkavu mpaka plastiki ipoteze mng'aro wote.

Na bolti zako za zamani tupa, kwa chumvi hii ya bahari zinashika kutu zinagoma, ukilazimisha kufungua ndipo sikio linakatika. Weka za stenlesi na grisi kidogo. Muhimu zaidi ni ile raba ndogo na bushi yake, zirudishe mahali pake na usikaze mpaka mwisho, plastiki iachwe icheze kidogo.

Mambrui_Safari
Mimi nilinunua seti ya Kichina mtandaoni. Matundu mawili hayakulingana, ilibidi nipige tupa. Na rangi, kaka, jua la huku limeshafifisha upande wa kulia, ukiweka kushoto kupya pikipiki inaonekana ya watu wawili. Kama masikio mengine yote yapo, tengeneza. Yakikatika matatu manne, hapo nunua usijichoshe.

MwanaMalindi
Mungu awabariki. Usukani umenyooka, shokabu kavu, nimekagua na jirani yangu. Kipande kimezama kwenye glasi, na nyuma chini ya matope nimeona ABS imeandikwa wazi. Sikio lililokatika nimelijaribu linakaa pale pale kwenye alama yake, halijapoteza hata chembe. Uji nimeulaza tangu jana, asubuhi bado una madonge, nimeongeza asetoni kidogo.

Msasa nimepata 180, 400 na 800. Praima ya plastiki (ile ya kupaka kwanza ili rangi ishike) ndiyo nimezunguka mji mzima sijaipata, kuna mtu anatoka Mombasa wiki hii anibebee kopo moja? Pesa natuma mapema.

Mambrui_Safari
Mimi narudi Ijumaa jioni. Nitumie picha ya nyuma ya hiyo feringi nimwonyeshe muuzaji, asije akanipa ya chuma.