Je, Rais alipwe mshahara?

Kila bajeti inaposomwa hoja hii hurudi: Rais anakaa Ikulu, analishwa, anasafirishwa, anatibiwa na kulindwa kwa fedha za umma, mshahara tena wa nini? Naielewa hoja hiyo, kwa kuwa inatoka kwa watu wenye maisha magumu, lakini siikubali.

Mwaka 1966, wanafunzi wa chuo kikuu walipoandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, Mwalimu Nyerere alijipunguzia asilimia 20 ya mshahara wake, ukashuka kutoka shilingi 5,000 hadi 4,000 kwa mwezi. Mwaka uliofuata Azimio la Arusha likamkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili au zaidi, kuwa na hisa katika kampuni na kuwa na nyumba za kupangisha. Halikusema asilipwe. Lilimtaka ale kwa mshahara mmoja, tena unaojulikana.

Mtaani kwetu mwenyekiti wa serikali ya mtaa hana mshahara. Nilipofuata barua ya utambulisho ya kufungulia akaunti benki, niliombwa "ya muhuri" kabla wino haujakauka, nikatoa shilingi 5,000 bila risiti. Sikumlaumu sana yule mzee, maana alikuwa ameacha genge lake asubuhi nzima kutuhudumia. Lakini muhuri wa Rais hauthibitishi makazi ya mtu. Uko kwenye mikataba ya madini, gesi na bandari, na wako wengi ambao wangefurahi kumtunza kiongozi asiyelipwa na wananchi wake. Isitoshe, nafasi isiyo na mshahara itagombewa na matajiri tu.

Ninapokubaliana na wapinzani wa mshahara ni kwenye usiri. Mwaka 2017 hayati Magufuli alitamka hadharani kuwa analipwa shilingi milioni 9 kwa mwezi. Tulijua kwa sababu aliamua kutuambia. Kenya wanayo Tume ya Mishahara na Marupurupu, chombo cha kikatiba kinachopanga na kutangaza malipo ya viongozi wa serikali, akiwemo Rais. Kwetu, ibara ya 43 ya Katiba inasema Rais atalipwa na kwamba malipo yake hayatapunguzwa akiwa madarakani, ila kiasi chenyewe hakimo. Wanaotaka mshahara ufutwe naomba wanijibu: ukishafutwa, tutajuaje nani anamlipa?