NIMEAMBIWA "SOMA MWONGOZO" NA ALIYEUKOSEA MWONGOZO WENYEWE!!

Wakuu, naandika huku mikono inatetemeka. Yule jamaa mnamjua, mtunzaji wa mwongozo wa seva ya imeili tunayotumia wengi humu, leo kanijibu maneno mawili. MAWILI. Soma mwongozo. Mimi ambaye hata ukiniamsha saa nane usiku nakutajia ukurasa na mstari!

Mwongozo unasema "ongeza rekodi ya SPF kwenye DNS", yaani kwenye rekodi za domeini utaje seva zinazoruhusiwa kutuma imeili kwa jina lako. Domeini yetu ilikuwa nayo tayari, ya huduma ya kutuma matangazo, nikaongeza kama nilivyoambiwa, zikawa mbili. Sasa zikiwa mbili seva inayopokea haichagui moja, inatoa permerror (kosa la kudumu) na SPF yote imekufa. Siku tatu imeili zinatua kwenye spamu, bosi ananiangalia kama nimeuza ukoo mzima, mi nakagua poti, nakagua cheti, nakagua logi, kila mahali isipokuwa pale maana pale si nimefuata mwongozo!

Nilipogundua nikasema nisiwaache wenzangu wateseke. Nikatuma sahihisho la sentensi moja: "Domeini iwe na rekodi moja tu ya SPF, kama ipo tayari unganisha humo humo." Dakika mbili hazijaisha kalifunga. Soma mwongozo! Yaani unamwambia mtu daraja limekatika anakujibu pita darajani. Na huo mwongozo kila penye ugumu umeandika "sanidi ipasavyo", ipasavyo ndo ipi?? Soma mwongozo, kaniambia mimi!

fundi_nyaya: Pole mkuu, hata mi kanijibu hivyo kwenye DKIM, ile saini ya imeili. Ufunguo wa biti 2048 haukai kipande kimoja cha TXT (rekodi ya maandishi ya DNS), mwisho ni herufi 255, lazima uukate na kila kipande kiwe na alama zake za kunukuu. Mwongozo umeandika "bandika ufunguo" basi.

kobe_mkavu: Mleta uzi siku tatu zote hukupiga dig, amri ya kuuliza DNS, hata mara moja? Hasira nyingi kazi hujui.

Mleta uzi: NILIPIGA! Nikaziona zote mbili nikajua ndo inavyotakiwa, si kasema ONGEZA! We kobe isije ikawa ndo yeye.

fundi_nyaya: Na mwambieni poti 465, ya kutuma imeili ikiwa imesimbwa tangu mwanzo, haijafa, RFC 8314 ya 2018 (waraka wa viwango vya intaneti) imeirudisha kabisa, yeye bado anatisha watu wasiiguse.

kobe_mkavu: Poti 587 na STARTTLS, inayoanza wazi kisha inawasha usimbaji, inatosha.

fundi_nyaya: Inatosha ukiilazimisha, usipoilazimisha mtu aliyejipenyeza katikati ya njia anaiondoa na nywila inapita uchi.

mama_seva: Nyie mna raha, mi nalia na PTR, rekodi inayotoa jina la seva kutoka kwenye IP yake. Seva ya kukodi, siwezi kuiweka kwenye DNS yangu, anayeiweka ni mwenye IP, na wiki ya pili hii wananiambia subiri.

kobe_mkavu: Angalia kwenye paneli yao, wengine wanaiita reverse DNS.

mama_seva: Paneli haina, nimetafuta mpaka macho yanauma. Nani alishawahi kuipata bila kuhama?