Ekspanda ya Turing Machine: nianze na Pulses au Volts?

Sauti_ya_Shela: Salaam aleikum wandugu. Kuna jamaa anatoka Ujerumani wiki ijayo, atanibebea moduli moja tu ya sinthesaiza yangu. Nimekwama kati ya ekspanda mbili (moduli ndogo za nyongeza) za Turing Machine, ile moduli ya kutoa volteji za kubahatisha: Pulses na Volts. Nataka sauti za ajabu zisizokaa mahali pamoja. Nichukue ipi?

Fundi_Mkomani: Aleikum salaam. Ndugu yangu, hujasema la maana. Turing Machine yenyewe unayo? Ekspanda peke yake haifanyi kitu, hutegemea moduli mama kupitia waya bapa wa nyuma. Na kesi, sanduku la moduli, imebakiwa na HP ngapi? HP ni kipimo cha upana wa moduli, moja ni milimita 5.08, usikadirie kwa macho.

Sauti_ya_Shela: Mama ninayo. Nafasi sijapima.

Upepo_wa_Mambrui: Volts, bila kufikiri. Ina nobu tano, kila moja na biti yake (0 au 1 kutoka moduli mama), na jumla inatoka kama volteji moja. Ukigusa nobu kidogo tu, oskileta (moduli ya kuzalisha sauti) inaimba wimbo mwingine na mpigo haujayumba.

Fundi_Mkomani: Mimi Pulses. Pigo la biti moja lipeleke kwenye envelopu (inayopandisha na kushusha sauti), la pili kwenye filta (chujio la sauti), la tatu liirudishe sikwensa (kipanga noti) mwanzo. Utajuta kuanza na melodia.

Pwani_Langoni: Yoyote utakayochukua, kwanza nisikilize. Mwaka jana nilitoa moduli mama nichomeke ekspanda. Usiku, umeme umekatika, namulika kwa simu. Wakati wa kurudisha waya wa umeme nikaugeuza: mstari mwekundu ulitakiwa ukae upande wa volti 12 hasi, mimi nikauweka kwenye chanya. Umeme uliporudi nikawasha. Harufu ya kuungua ikajaa chumba, chipu imekwisha. Nilikaa pale hadi adhana ya alfajiri, sikuweza kulala. Moduli ikaenda ng'ambo, ikarudi baada ya miezi minne. Sasa sichomeki kitu gizani. Na jeki zangu zimeota kijani kwa hewa ya chumvi.

Upepo_wa_Mambrui: Pole sana kaka. Funika kesi kwa kitambaa kikavu kila usiku.

Fundi_Mkomani: Kitambaa hakitoshi, weka na vifuko vya kunyonya unyevu. Shaba yenyewe ni ngumu, tazama siwa ya Lamu, lile baragumu la kale, ilivyodumu.

Upepo_wa_Mambrui: Na ile ya Pate ni ya pembe ya ndovu. Sauti kama ile ukiipitisha kwenye ringi modyuleta, moduli ya kuzidisha sauti mbili!

Pwani_Langoni: Siwa ziko makumbusho. Rekodi zumari.

Sauti_ya_Shela: Nimepima, zimebaki HP nane. Mpiga zumari nimpate wapi huku Shela?