Ulinganisho: njia za kuondoa selotepu kuukuu na gundi yake kwenye mabango ya karatasi ya zamani

Mkusanyaji wa Kibokoni

Assalamu alaykum wanajukwaa. Jamaa yangu aliyehama Mji wa Kale ameniachia bunda la mabango ya zamani. Mengi ni ya filamu za Kihindi zilizokuwa zikionyeshwa katika sinema za Mombasa, na machache ni matangazo ya safari ya East African Airways, ambayo kwa kuwa shirika hilo lilivunjika mwaka 1977 hayawezi kuwa ya baada ya hapo. Karibu yote yamebandikwa selotepu kwenye mikunjo iliyochanika, mbele na nyuma. Kwingine utepe umekauka ukadondoka wenyewe na kuacha mistari ya rangi ya chai. Kwingine gundi bado inanata, hata mabango mawili yameshikana. Nimetajiwa mashine ya kukaushia nywele, raba, petroli ya viberiti na asetoni. Naomba wenye uzoefu wanilinganishie: kila njia inafaa wapi, na inaharibu nini?

Fundi Fremu

Wa alaykumu s-salaam, ndugu yangu. Hapa kuna kazi tatu ambazo watu huzifanya moja, na ndipo mabango yanapoharibika: kuondoa utepe wenyewe, kuondoa gundi iliyobaki juu ya karatasi, na kuondoa doa lililokwisha kuingia ndani.

Joto la mashine ya nywele ni la kazi ya kwanza tu. Pasha sehemu ndogo kwa joto la chini, ingiza kisu chembamba kisicho na makali chini ya ncha, kisha ukunje utepe urudi nyuma juu ya mgongo wake wenyewe, ukiwa umelala karibu kabisa na karatasi. Ukiuvuta kwenda juu utang'oa ngozi ya karatasi pamoja na wino. Wala usiache joto likae mahali pamoja, kwani gundi iliyoyeyuka huzama ndani, na ulichotaka kukiondoa unakuwa umekipeleka chini zaidi.

Raba ni ya kazi ya pili, mradi gundi bado inanata. Siyo raba ya penseli, ambayo hukwangua karatasi, bali kipande cha mpira wa krepu, ule wa rangi ya asali unaofanana na soli za viatu vya zamani. Ukiusukuma taratibu, gundi hujiviringisha kuwa chembe ndogo za kijivu ambazo unaziondoa kwa brashi laini. Karibu na mchaniko, sukuma kuelekea ukingoni, kamwe si kutoka ukingoni kuingia ndani, la sivyo utauongeza. Mimi huanza na njia hizi mbili kavu na mara nyingi siendi mbali zaidi.

Mwanakemia wa Tudor

Nakubaliana na Fundi, ila mistari ya rangi ya chai haitasikia raba. Utepe wa selofani, ulioanza kuuzwa Marekani mwaka 1930, ulipakwa gundi ya mpira wa asili uliochanganywa na utomvu, na gundi hiyo huzeeka kwa hatua. Kwanza hunata tu juu ya karatasi. Kisha hulainika kama mafuta, hugeuka manjano na kupenya kati ya nyuzi, hata karatasi ikaanza kuonyesha mwanga. Mwishoni hukauka, huwa ngumu na ya kahawia, na utepe hudondoka. Kwa hiyo kinachoamua njia ni umri wa gundi kuliko thamani ya bango.

Katika hatua mbili za kwanza, petroli nyeupe inayotiwa kwenye viberiti vya chuma vyenye utambi hufanya kazi vizuri. Faida yake kubwa ni kwamba haivimbishi nyuzi za karatasi kama maji: mahali ulipodondosha panakuwa kama kioo kwa muda, kisha panakauka bila kukunjamana. Gundi iliyofikia hatua ya mwisho haiyeyuki kwa petroli. Hapo ndipo watu hukimbilia asetoni, ambayo pengine hulegeza doa, lakini pia husafirisha wino wa mihuri, wa kalamu za bolipeni na baadhi ya rangi za chapa.

Kama kuna utepe wenye sura ya ukungu usiogeuka manjano, huenda ni ule wa gundi ya akriliki uliokuja mwaka 1961. Huo hauachi doa baya, ila nao huondolewa vivyo hivyo kwa uangalifu.

Bi Makadara

Naomba kuuliza kwa heshima: mbona hakuna aliyetaja mafuta ya taa? Nyumbani kwetu ndiyo yaliyoondoa gundi za kila namna. Pia nina bango lililobandikwa utepe wa kaki, ule wa kulowesha kwa mate.

Mwanakemia wa Tudor

Dada, mafuta ya taa huondoa gundi kwenye chupa na sufuria kwa sababu unaviosha baadaye. Karatasi huoshi. Mafuta hayo hukauka polepole mno na huacha utando wenye harufu, nawe utakuwa umebadilisha doa la gundi kwa doa la mafuta. Thina ya hadiwea nayo uiepuke, kwa kuwa hujui kilichochanganywa ndani. Jiki ndiyo mbaya kuliko zote: hung'arisha doa na kudhoofisha nyuzi.

Utepe wa kaki una gundi ya maji. Weka juu yake kipande cha karatasi ya kufyonza kilicholoweshwa kidogo, subiri ulainike, uinue taratibu. Jaribu kwanza kama wino haukimbii.

Mkusanyaji wa Kibokoni

Nashukuruni sana. Swali moja: nikitumia petroli, nitazuiaje duara lile linalobaki pembeni mwa doa? Na bango moja lina saini ya bolipeni karibu na selotepu.

Fundi Fremu

Duara hutokea kwa sababu gundi iliyoyeyuka husafiri na petroli na kutua pale unyevu unapoishia. Fanyia kazi upande wa nyuma, tandaza karatasi ya kufyonza chini, tumia pamba yenye unyevu kidogo tu, na ubadilishe pamba na karatasi mara kwa mara. La saini, ondoa utepe kwa joto na raba, uache doa. Baada ya hapo shikiza michaniko kwa karatasi nyembamba ya Kijapani na uji wa wanga wa ngano, ambao siku ukitakiwa kuondolewa hutoka kwa maji. Usirudie selotepu, hata ile inayouzwa kwa jina la kuhifadhi nyaraka.

Mwanakemia wa Tudor

Nyongeza ya usalama. Heptani, iliyomo katika petroli za aina hii, hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata kwenye nyuzijoto 4 chini ya sifuri, sembuse joto letu la Machi. Fungua madirisha, ondoa jiko na sigara, na usiwashe mashine ya nywele mpaka harufu iishe kabisa. Kusi ikiwa inavuma, weka vizito pembeni mwa bango. Kabla ya yote, dondosha tone la petroli uliyonunua juu ya kioo safi, lisubiri likauke. Likiacha alama yoyote, rudisha chupa dukani.