Re: Ripoti ya shule ya msingi ya Kikatoliki Birmingham, hii "inapaswa kuboresha" niisome vipi?

Kutoka: Mama wa watatu, Malindi

Hamjambo nyote. Nawaandikia nikiwa bado Muyeye, tunasafiri Agosti kumfuata baba yao. Shule iliyo karibu na nyumba aliyopanga Birmingham ni ya Kikatoliki, nasi ni Wakatoliki, kwa hiyo tuliipenda kabla hata ya kuijua. Sasa amenitumia ripoti ya ukaguzi. Mwanzo wake mtamu: watoto wana adabu, wakubwa wanawaangalia wadogo, wanaimba kwa moyo, wanachangia wenye shida. Nikashuka chini, nikakuta shule inapaswa kuwapa wanafunzi nafasi zaidi ya kupanga na kuongoza sala wenyewe, na kazi za somo la Dini zimfikirishe mtoto zaidi. Je, ni shule dhaifu? Binti yangu ana miaka saba, yuko Gredi ya 2. Na mbona hesabu na kusoma hazitajwi popote?

Kutoka: Mwalimu mstaafu, Leeds

Dada, hazitajwi kwa sababu shule hiyo ina ripoti mbili, nawe umetumiwa moja. Masomo, tabia na usalama wa watoto hukaguliwa na Ofsted, idara ya serikali ya kukagua shule. Upande wa dini una wakaguzi wake chini ya maaskofu, kwa kifungu cha 48 cha Sheria ya Elimu ya 2005, na tangu 2022 wanatumia utaratibu mmoja kwa majimbo yote ya Kanisa. Hao wanatazama maisha na utume wa Kikatoliki shuleni, somo la Dini, na sala na liturjia, basi. Alama zao ni 1 hadi 4, na 1 ndiyo ya juu, msije mkaisoma kichwa chini miguu juu.

Hilo la sala lisikutishe. Kwetu mwalimu huanzisha Baba Yetu, mstari mzima ukaitikia, watu wakaingia darasani. Huku mtoto wa umri wa binti yako anatarajiwa kuchagua kifungu kifupi cha Injili, kutandika meza kitambaa cha rangi ya majira, zambarau wakati wa Kwaresima, kijani siku za kawaida, kuchagua wimbo na kuwaongoza wenzake. Wakaguzi wakiandika hivyo, maana yake sala ipo, ila mwalimu hajaiachia.

La pili ndilo ningelikodolea macho. Maaskofu wanataka Dini ipewe si chini ya asilimia 10 ya muda wa masomo. Kwa wiki ya saa 25, hizo ni saa mbili na nusu. Mtoto akizimaliza kwa kupaka rangi safina ya Nuhu, ni saa zilizopotea, hata kama picha ilitoka nzuri. Mume wako akienda kuitembelea shule, aombe kuona madaftari ya darasa atakaloingia binti, ya mwanzo wa mwaka na ya sasa. Amuulize mkuu wa shule wamebadilisha nini tangu ripoti itoke. Na aangalie tarehe: miaka hupita kati ya ukaguzi na ukaguzi, huenda hata mkuu aliyesifiwa alishahama.

Ripoti ya Ofsted aitafute kwenye tovuti yao. Tangu Septemba 2024 shule za serikali hazipewi tena neno moja la jumla, na tangu Novemba 2025 kila eneo lina daraja lake. Mimi huenda moja kwa moja kwenye habari za watoto wanaoanza kujifunza Kiingereza. Wetu wanazungumza Kigiriama nyumbani, Kiswahili mtaani na Kiingereza darasani, lakini wiki za kwanza hukaa kimya, na nimeona wakiwekwa na wasiojua kusoma kwa sababu ya ule ukimya tu.

Kutoka: Baba wa wawili, Leicester (Langoni, Lamu)

Asalaam aleikum. Sisi Waislamu, na wanangu wote wawili wamesoma shule kama hiyo. Naongeza kwa watakaosoma uzi huu baadaye: sheria inakuruhusu kumtoa mtoto kwenye Dini na sala, zote au baadhi. Lakini sala huko iko asubuhi, kabla ya chakula na wakati wa kwenda nyumbani, kwa hiyo ukimtoa kila mahali utamchosha mtoto. Sisi tuliacha asikilize, jioni anakwenda chuoni, yaani madrasa, kama kawaida. Ripoti ya shule yetu iliwasifu kwa kuheshimu dini nyingine, nikaona ni maneno ya karatasi, mpaka Ramadhani mwanangu alipoitwa mbele aeleze kufunga na futari. Nyama kama ni halali uliza mapema, usisubiri siku ya kwanza.

Kutoka: Mama wa watatu, Malindi

Ahsante, Mwalimu. Shukrani, kaka. Je, nafasi tutapata? Nimesikia mwisho wa kuomba ni 15 Januari.

Kutoka: Mwalimu mstaafu, Leeds

Hiyo ni ya wanaoanza shule kabisa Septemba. Binti yako ataingia darasa la mwaka wa 3 (Year 3), mtaomba nje ya msimu huo, kupitia manispaa au shule yenyewe. Nafasi ikiwepo hawawezi kumkataa mtoto, awe Mkatoliki asiwe. Ikiwa wanaogombania ni wengi kuliko viti ndipo ubatizo unapohesabiwa, na kuna fomu ya ziada ya shule, watu huisahau. Karo hakuna, hata kama viza yenu imeandikwa kwamba hamna haki ya misaada ya serikali. Chakula cha bure kwa wote huko huishia mwaka wa 2, kwa hiyo wekeni bajeti.

Pita parokiani upewe cheti cha ubatizo kipya chenye muhuri. Kama cha ubatizo kina jina la mtakatifu peke yake na cha kuzaliwa kina la Kigiriama, mwombe padre barua fupi kwamba ni mtoto huyo huyo. Barua hiyo ukiwa Malindi ni kazi ya asubuhi moja, ukiwa huku ni miezi ya kubembeleza kwa simu.

Kutoka: Mama wa watatu, Malindi

Majina ndivyo yalivyo hasa! Jumatatu niko ofisi ya parokia.